Gustav: Jina la Wafalme wa Uswidi Lilivyofika Pangani na Amani

Mwaka 1902, serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilipoanzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, gavana aliyekuwa madarakani Dar es Salaam aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Alikuwa Mjerumani wa Silesia, lakini majina yake mawili ya kwanza ni ya mfalme wa Uswidi aliyeuawa vitani miaka 270 kabla. Wala hakuwa Gustav wa kwanza kuonekana pwani ya Tanga. Miaka ishirini nyuma, Gustav Adolf mwingine, daktari, alikuwa ameondoka Pangani na msafara kuelekea Umasaini. Kisha akaja Gustav wa tatu, mwandishi, aliyetaka kujua sukari ya Pangani inavyopikwa. Wote watatu walibeba jina la Skandinavia, na hapakuwa na Mskandinavia hata mmoja kati yao. Hilo lina sababu zake, na sababu hizo zinaanzia mbali sana na Mto Pangani.

Jina lisilo na mtakatifu

Majina mengi ya Kikristo yaliyoletwa Afrika Mashariki yana mtume, nabii au mtakatifu nyuma yake: Petro, Yohana, Samweli. Gustav halina. Hakuna Gustav katika Biblia, na jina halikuenea kwa sababu ya hija au kaburi la mtu mwema. Lilitokea Uswidi katika Zama za Kati, likiandikwa kwa namna mbalimbali zenye sauti ya Götstaf au Göstaf. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba limeungwa kutokana na jina la Wagöta, watu wa kusini mwa Uswidi, na neno lenye maana ya fimbo. Mwenye jina ni fimbo ambayo Wagöta wanaiegemea. Wapo wataalamu wasiokubali. Wao huona kwamba hili ni jina la Waslavi, Gostislav, lililovuka Bahari ya Baltiki na kunyooshwa na ndimi za Waswidi. Mjadala huo haujafungwa hadi leo.

Kwa muda mrefu lilibaki jina la koo za kiungwana, si la watu wengi. Kilichobadilisha hali hiyo ni damu iliyomwagika Stockholm mnamo Novemba 1520. Christian wa Pili, mfalme wa Denmark, baada ya kuiteka Uswidi, aliamuru viongozi wengi wa nchi hiyo wauawe. Miongoni mwa waliokatwa vichwa alikuwa baba wa kijana mmoja wa ukoo wa Vasa, Gustav Eriksson. Kijana akaongoza uasi, na tarehe 6 Juni 1523 akachaguliwa kuwa mfalme. Miaka minne baadaye, 1527, baraza la Västerås lilimpa mamlaka juu ya mali za Kanisa, na Uswidi ikaanza kuelekea Ulutheri.

Hapa pana jambo la kuzingatia, maana litatufuata hadi Usambara. Tangu lilipokalia kiti cha enzi, jina la Gustav liliambatana na Ulutheri. Halikuwa na mtakatifu, lakini sasa lilikuwa na mfalme na lilikuwa na Kanisa.

Lützen, 1632

Mjukuu wa mfalme huyo, Gustav wa Pili Adolf, alirithi kiti mwaka 1611 akiwa kijana wa miaka 16. Ujerumani wakati ule ilikuwa imegawanyika vipande vipande, na tangu 1618 ilikuwa ikiungua kwa vita kati ya majeshi ya kaisari Mkatoliki na watawala Waprotestanti. Mwaka 1630 Gustav Adolf alivuka bahari na jeshi lake. Mwaka uliofuata akalishinda jeshi la kaisari pale Breitenfeld, karibu na Leipzig. Novemba 1632, katika uwanja wa Lützen, pia si mbali na Leipzig, jeshi lake lilishinda tena, ila yeye mwenyewe aliuawa siku hiyo.

Ukweli wote wa vita vile si wa kupendeza. Mfalme alikuwa na maslahi yake katika biashara na bandari za Baltiki, na askari wa Uswidi waliendelea kupora vijiji vya Wajerumani kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Wakulima ndio waliolipa gharama. Lakini Waprotestanti wa Ujerumani walichagua kumkumbuka kama mwokozi aliyekufa kwa ajili ya imani yao, na kumbukumbu ya namna hiyo ina nguvu kuliko hesabu za wanahistoria. Mwaka 1832, kifo chake kilipotimiza miaka 200, ilianzishwa Leipzig jumuiya ya kusaidia Waprotestanti walioishi katikati ya Wakatoliki, nayo ikapewa jina lake. Jumuiya hiyo ingalipo.

Kuanzia hapo, katika karne ya 19, Gustav likawa jina la kawaida kabisa la mtoto wa kiume wa Kijerumani. Lilienda hata kwa wasio Waprotestanti: mtunzi wa muziki Gustav Mahler alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na mchoraji Gustav Klimt alikuwa Mkatoliki wa Vienna. Wafaransa wakawa na Gustave, Waitalia na Wahispania Gustavo, Wafini Kustaa. Lakini wazazi walipoyapanga majina mawili pamoja, Gustav Adolf, walikuwa wakimtaja mfalme wa Lützen waziwazi.

Pangani, 1882 hadi 1895

Daktari Gustav Adolf Fischer alizaliwa mwaka 1848 Barmen, mji wa viwanda wenye Waprotestanti washika dini na makao ya jumuiya ya wamisionari. Alifika Unguja mwaka 1876, akashiriki safari za Wajerumani huko Witu na Mto Tana, kisha akakaa kisiwani akitibu wagonjwa. Pwani ilikuwa bado chini ya Sultani Barghash bin Said, na Mzungu aliyetaka kwenda bara hakuwa na njia ila kupata ridhaa ya Unguja na kuajiri wapagazi wa pwani.

Mwisho wa mwaka 1882, akisaidiwa na chama cha jiografia cha Hamburg, Fischer aliondoka Pangani. Hakuchagua mji huo kwa kubahatisha. Pangani ilikuwa lango la misafara ya pembe za ndovu iliyopanda kando ya mto hadi Umasaini, na wenyeji wake waliijua njia, maji yake, na hongo iliyodaiwa kila kituo. Fischer alipita chini ya Mlima Meru, akafika Ziwa Natron na kusonga hadi Naivasha, ambako Wamasai walimzuia asiendelee, akarudi. Mwaka 1883 huohuo Joseph Thomson wa Uskoti alikuwa akiingia Umasaini kutoka upande wa Mombasa, naye ndiye aliyesifiwa zaidi baadaye kwa sababu alifika mbali kuliko Fischer. Mwaka 1885 Fischer aliondoka tena, safari hii kumtafuta mtafiti Wilhelm Junker aliyekwama Sudani ya kusini. Alifika Ziwa Viktoria, akashindwa kupita Buganda, na Novemba 1886 akafa Berlin kwa homa.

Wapenda ndege wanamfahamu Fischer hata kama hawajasoma safari zake. Anton Reichenow wa Berlin aliwapa jina lake ndege kadhaa. Mmoja ni ndege wa kijani mwenye kishungi chekundu na mabawa yanayomulika wekundu anaporuka, mwenyeji wa misitu ya pwani na wa Usambara Mashariki, ambaye kitaalamu huitwa Tauraco fischeri. Mwingine ni kasuku mdogo wa kusini mwa Ziwa Viktoria anayefugwa leo duniani kote. Huo ni upande mmoja wa jina ambao wasomaji wa Kiswahili watauona ni mgeni: kwetu mtu hutambuliwa kwanza kwa jina alilopewa yeye, halafu la baba yake. Sayansi ilimhifadhi Fischer na kumwacha Gustav.

Gustav mwandishi alikuja Pangani katika nchi iliyokwisha kubadilika. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilijaribu kushika forodha za pwani, na Pangani ikawaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza vita vya upinzani, na Wajerumani walimnyonga Pangani mnamo Desemba 1889. Baada ya hapo wakaja watu wa kupima na kuhesabu. Gustav Meinecke alichapisha mwaka 1895 kitabu cha barua za safari kuhusu nchi ya Waswahili, na sehemu kubwa ya shughuli yake ilikuwa miwa ya bonde la Pangani. Mashamba yalikuwa ya Waarabu, na kazi ilifanywa na watumwa. Juisi ilikamuliwa na kuchemshwa hapohapo, kisha sukari guru ikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wajerumani walitaka kuweka viwanda vyao mahali pa vile vinu.

Desemba 1893, miaka minne baada ya kunyongwa kwa Abushiri, aliondoka Pangani gavana wa baadaye, wakati huo luteni kijana mwenye mali, Gustav Adolf von Götzen. Alivuka nchi ya Wamasai, akapita maporomoko ya Rusumo, na Mei 1894 akapokewa na Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda. Alipanda volkano ya Nyiragongo, akaliona Ziwa Kivu, akapenya msitu wa Kongo na kufika bahari ya Atlantiki mwisho wa mwaka huohuo. Safari hiyo ndiyo iliyomtengenezea jina Berlin. Mwaka 1901, akiwa na miaka 34, alifanywa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Amani, 1902

Mwenye wazo la Amani hakuwa gavana. Alikuwa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe aliyevutiwa na bustani kubwa ya Wadachi wa Java pale Buitenzorg, mji unaoitwa sasa Bogor. Alitaka mahali pa aina ileile Afrika: mvua nyingi, msitu mkubwa, na miinuko tofauti ya kujaribia mazao tofauti. Amani, yapata mita 900 juu ya usawa wa bahari, palimfaa, na reli ya Tanga ilikuwa imeshapita Muheza chini ya mlima. Msitu ukafyekwa, ikapandwa bustani ya mamia ya hekta: mikwinini kwa ajili ya dawa ya malaria, mipira, mikafuri, kahawa, viungo, na miti ya mbao kutoka pande zote za dunia. Mmoja wa miti iliyoletwa enzi hizo, musizi, umesambaa hadi ndani ya msitu wa asili na kuwasumbua wahifadhi mpaka sasa.

Gustav mwingine anaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Gustav Tornier alikuwa mtaalamu wa reptilia na vyura katika makumbusho ya Berlin, na viumbe vilivyokusanywa Afrika Mashariki vilifika mezani kwake vikiwa ndani ya chupa za spiriti. Mwaka 1905 alieleza habari ya chura wa nchi hii ambaye hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio hai, wakiwa tayari na miguu yao. Mwaka uliofuata chura wa jamii hiyohiyo aliitwa Nectophrynoides tornieri. Anaishi katika misitu ya milima yetu, Usambara ikiwemo, na yeyote anayetembea Amani usiku wa mvua akiwa na tochi ana nafasi ya kumkuta.

Mwaka 1905 ulikuwa pia mwaka wa jambo zito zaidi. Wakati Amani inajaribu mbegu, serikali ya Götzen ilikuwa ikiwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya jumbe kwa malipo ya dhihaka, na kodi ikidaiwa kwa fedha taslimu. Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini vita vilienea hadi Ungoni. Götzen aliomba askari zaidi, na majeshi yake yakachoma vijiji, maghala na mazao shambani. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, waliona ni kati ya 250,000 na 300,000. Mwaka 1906 Götzen aliondoka, akaandika kitabu cha kueleza vita hivyo kwa upande wake, akafa Hamburg mwaka 1910.

Usambara haikuingia katika vita. Ilikuwa na mateso yake, kazi za mashamba ya walowezi. Lakini nasema bila kusita: jina la Gustav Adolf von Götzen katika historia yetu ni jina la Maji Maji kabla ya kuwa jina la Amani, na bustani nzuri haiwezi kulisafisha.

Kwa nini halikushika Amani

Ingetarajiwa kwamba jina la gavana, la wasafiri na la wataalamu lingeenea kwa wenyeji waliofanya kazi karibu nao. Halikuenea, na sababu zinaeleweka mtu akitazama ni nani aliyekuwa na haki ya kumpa mtoto jina.

Pwani, kuanzia Tanga hadi Pangani na Saadani, watu walikuwa Waislamu. Mtoto alipewa jina siku ya saba, mara nyingi la babu au bibi, na majina yalitoka katika dini na ukoo. Kwa Wasambaa, majina ya Wakilindi, ukoo wao wa watawala, kama Kimweri na Semboja yalikuwa na uzito ambao hakuna Mjerumani angeweza kuushinda. Na chini ya Amani yenyewe, huko Bondei, Wakristo walikuwa tayari mikononi mwa watu wengine. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu ilikuwa Magila tangu miaka ya 1860, na Wabondei waliobatizwa walichukua majina ya Biblia au ya Kiingereza. Mapadri wa mwanzo Waafrika wa misheni hiyo wanaonyesha hivyo: Cecil Majaliwa, aliyepewa daraja la upadri mwaka 1890, Petro Limo, Samwel Sehoza.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa Walutheri. Wamisionari wa Kijerumani, ambao baadaye waliungana na taasisi ya Bethel huko Ujerumani, walifika Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka 1891. Wenzao wa Leipzig, mji ulio jirani na Lützen, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Ndiyo maana leo ukimkuta Mtanzania anayeitwa Gustav, Gustavu au Gustaf, uliza kwanza kanisa la babu yake. Mara nyingi pia jina hilo halipo mwanzoni: babu alikuwa Gustav, mwana akalibeba kama jina la baba, na mjukuu sasa analo mwishoni mwa kitambulisho chake. Upande wa Kongo na Burundi, lugha ya Kifaransa ilileta Gustave kupitia Wakatoliki, na Gustave mashuhuri kuliko wote huko ni mamba mkubwa wa Ziwa Tanganyika na Mto Ruzizi, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye na kuogopwa kwa miaka mingi.

Baada ya 1916

Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916. Mwaka huohuo, kwenye Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao waliyoiita Graf von Goetzen kwa heshima ya gavana, baada ya kuipaka grisi mitambo yake. Meli hiyo ilijengwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa vipande vipande hadi Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na ilipoanza tena kazi mwaka 1927 iliitwa Liemba. Wilhelmstal nayo ikawa Lushoto. Majina ya watawala huondoka na watawala.

Jina lenyewe lilirudi kwa njia ya amani zaidi, na safari hii likiletwa na wenye nalo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza na wamisionari Wajerumani kuwekwa kizuizini, Walutheri wa Tanganyika walisaidiwa na Kanisa la Augustana la Marekani, lililoundwa na wahamiaji wa Kiswidi, na pia na Waswidi wenyewe. Historia ya msaada ule wa 1940 hadi 1945 iliandikwa na Mswidi, Gustav Bernander. Wahamiaji haohao walikuwa na chuo Minnesota kinachoitwa Gustavus Adolphus. Richard Reusch, mchungaji aliyepanda Kilimanjaro mara nyingi hata kreta ya Kibo ikapewa jina lake, alifundisha huko baada ya kuondoka Tanganyika. Nchi ilipopata uhuru, mfalme wa Uswidi alikuwa Gustaf wa Sita Adolf, na ni wakati wake Waskandinavia na Wafini walipoanzisha kituo cha elimu Kibaha mwaka 1963.

Amani ilihusika zaidi na Finland, nchi ambayo Uswidi iliipoteza mwaka 1809 kwa vita vilivyoanza chini ya Gustav wa Nne Adolf. Katika miaka ya 1970 na 1980 msaada wa Finland ulitumika kukata magogo Usambara Mashariki, na uharibifu ukaonekana. Malalamiko ya wanasayansi na wenyeji yalibadilisha mwelekeo. Ukataji ulisimamishwa, misitu ikapimwa upya, na kwa msaada wa Finland hiyohiyo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wa Tanga wanaweza kulifanya. Habari za jina hili, na za kila jina lililoingia milimani, zimo katika vitabu vya ubatizo vya Mlalo, Vuga, Bumbuli na Magila: jina la zamani, jina jipya, jina la baba, mwaka. Karatasi zina umri wa zaidi ya karne, na mchwa na unyevu wa Usambara havisubiri. Wachungaji na mapadri wanaozitunza wazipige picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala zipelekwe mahali pa pili, mbali na rafu zile.